Leza ndogo kuliko unene wa unywele: namna ya kuzitengeneza kwa nukta za kwanta

Kila mwanafunzi mpya anayeingia maabara yetu huja na maswali yaleyale. Mashine ya kutengenezea iko wapi? Mbona yangu haiwaki? Nitajuaje kwamba hii ni leza kweli, si mng'ao tu? Nimechoka kuyajibu jikoni, mmoja mmoja, huku chai ikipoa. Nayaandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamwonyesha ukurasa.

Jibu la swali la kwanza: mashine hakuna. Tone la kiyeyusho chenye nukta za kwanta, yaani vichembe vidogo mno vya fuwele vinavyong'aa vikimulikwa, likikauka ndani ya maji, nukta hujikusanya zenyewe na kuwa gololi ya duara yenye upana wa mikromita chache. Gololi hiyo ndiyo leza. Yenyewe inazaa mwanga, na yenyewe inauzungusha ndani kwa ndani mpaka upate nguvu. Kazi yako kubwa ni kuliacha tone likauke bila kulisumbua, na hapo ndipo wengi wanapoangukia.

Tuondoe mkanganyiko mmoja. Ukisoma habari za nukta "zinazojiunda zenyewe" utakutana na aina mbili. Aina ya kwanza huota ndani ya mashine ya ombwe, indiamu aseniidi juu ya galiamu aseniidi. Fuwele hizo mbili zinapishana nafasi za atomi kwa asilimia 7 hivi, kwa hiyo kabla tabaka la pili halijakamilika, kitu kizima kimeshajikunyata kikawa vilima vidogovidogo. Leza za aina hiyo zipo tangu 1994, na ni nzuri sana, ila mashine yake hujaza chumba na bei yake usiulize. Aina ya pili hupikwa kwenye chupa kwa kemia ya kawaida na kuuzwa zikiwa ndani ya kiyeyusho. Hizi za chupa ndizo ninazozisemea. Upishi wake ni sehemu ya kazi iliyowapa Moungi Bawendi, Louis Brus na Aleksey Yekimov Nobeli ya Kemia mwaka 2023. Gololi zake kutoa mwanga wa leza kulionyeshwa Utrecht, Uholanzi, mwaka 2018.

Nadharia ni kidogo tu, usikimbie. Mwanga ukiingia kwenye gololi nyororo hukimbia kandokando ya ukuta wake wa ndani, kama mnong'ono unavyozunguka kuta za kuba la kanisa kuu la St Paul's, London: wewe unanong'ona upande huu, aliye ng'ambo anasikia. Ni urefu fulani tu wa mawimbi unaotimiza mzunguko kamili bila kujigonga, na huo ndio unaokua. Ili ukue, kila nukta inahitaji kubeba, kwa wastani, zaidi ya mzigo mmoja wa nishati kwa wakati mmoja. Lakini nukta yenye mizigo miwili haiwezi kuishikilia: huipoteza kama joto ndani ya makumi au mamia ya pikosekunde (pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde). Ndiyo maana tunaziwasha kwa mipigo mifupi yenye nguvu. Tochi haiwezi kazi hiyo, hata iwe kali namna gani.

Andaa hivi kabla hujaanza

- Nukta nyekundu zenye kiini cha kadmiamu, seleniamu na salfa, na ganda la zinki salfaidi, zinazong'aa kwa urefu wa wimbi wa karibu na nanomita 630. Chagua zenye ganda nene au mchanganyiko wa taratibu kati ya kiini na ganda, maana hizo hupoteza mizigo polepole zaidi.
- Klorofomu au tolueni.
- Polivinili alkoholi, tunayoiita PVA tu, na maji yaliyosafishwa.
- Vichupa vya kioo vya mililita 4, pipeti, vipande vya kioo vya hadubini, foili na sindano.
- Kitikisio cha vorteksi, sumaku ya kukorogea na sentrifuji ndogo.
- Hadubini, na spektromita, kifaa cha kuutawanya mwanga kwa urefu wa mawimbi na kuuchora (mchoro huo ndio spektra), inayoweza kutenganisha mistari iliyoachana kwa nusu nanomita.
- Leza ya mipigo ya nanomita 355. Zile za Nd:YAG, aina ya kawaida ya leza ya fuwele, zenye mpigo wa nanosekunde 5 hivi, mara 10 kwa sekunde, zinatosha kabisa.
- Vichujio vya kupunguza nguvu, na kimoja cha kuzuia kila kitu kilicho chini ya nanomita 550.

Kadmiamu ni sumu na haitoki mwilini kirahisi. Glavu ni lazima, kazi zote za kiyeyusho zifanyike ndani ya kabati la kufyonza mvuke, na taka zake zina chupa yake. Usimwage kwenye sinki hata tone. Mwanga wa nanomita 355 hauonekani kwa macho, kwa hiyo macho hayatakwambia kwamba yanaungua. Vaa miwani ya kinga iliyoandikwa namba hiyo hiyo. Miwani ya leza ya kijani haikusaidii kitu hapa.

Hatua zenyewe

1. Pika maji ya PVA. Pima gramu 1.25 kwa mililita 100 za maji. Nyunyiza unga kwenye maji baridi huku yakikorogwa, *kisha* ndipo upashe moto hadi nyuzi 85 hivi na uache saa moja. Ukimwaga unga kwenye maji ya moto utapata mabonge, kama ugali ulioharakishwa, na mabonge hayo hayayeyuki tena. Yaache yapoe, yachuje kwa kichujio cha mikromita 0.45. Maji haya yanakaa wiki kadhaa kwenye jokofu.

2. Pima nukta. Ziwe miligramu 25 kwa mililita ya klorofomu. Namba hii ndiyo inayoamua ukubwa wa gololi. Gololi iliyokauka ina uzito wa takriban gramu 3 kwa sentimita ya ujazo, kwa hiyo tone la mikromita 30 lenye mkolezo huu litanywea hadi kama moja ya tano ya upana wake, yaani mikromita 6. Ukizidisha mkolezo mara mbili upana unaongezeka kwa robo tu, kwa sababu ni ujazo unaopungua, si upana. Watu hulisahau hili, wakamaliza chupa nzima ya nukta za bei ghali wakitafuta gololi kubwa, ilhali wangepunguza tu nguvu ya kutikisa.

Kabla ya kupima, inua chupa uitazame mbele ya taa. Iwe angavu. Ukiona ukungu au chenga chini, nukta zimeshaanza kushikana, na hakuna utakachojenga nazo kikawa nyororo. Muuzaji mmoja alituletea chupa iliyokuwa na ukungu tangu siku ya kwanza. Tukajipa moyo tukaitumia, tukapoteza wiki tatu.

3. Tikisa. Weka mililita 1 ya maji ya PVA kwenye kichupa, ongeza mikrolita 100 za nukta, funga vizuri, peleka kwenye vorteksi kwa dakika moja. Ni kazi ileile ya kusukasuka maziwa kwenye kibuyu, tofauti ni kwamba sisi hatutaki siagi ishikane: PVA hulifunika kila tone lisiungane na jirani yake. Mchanganyiko ugeuke rangi ya chai ya maziwa iliyokolea. Ukitikisa kwa nguvu zote utapata matone madogo mno. Anza na nguvu ya wastani, chukua tone moja uliangalie kwenye hadubini. Ukiona mengi yako kati ya mikromita 20 na 50, acha hapo hapo.

4. Kausha, na usiharakishe. Hamishia mchanganyiko kwenye kichupa chenye mdomo mpana, tia sumaku ndogo, korogea polepole, polepole kiasi cha kutoona shimo katikati ya maji. Funika mdomo kwa foili uliyoitoboa matundu manne au matano kwa sindano. Acha usiku kucha kwenye joto la chumba.

Nitakaa kidogo hapa. Klorofomu haitoki kwenye tone moja kwa moja kwenda hewani. Kwanza inayeyuka ndani ya maji, ambayo huweza kuibeba gramu 8 tu kwa lita, kisha maji ndiyo yanayoitoa juu. Kwa hiyo maji ndiyo breki yako, na foili ni breki ya pili. Breki zikifanya kazi, nukta hupata muda wa kusogea, kupangana na kujaza mianya kadiri tone linavyosinyaa, na mwisho unapata gololi imara yenye uso unaoteleza. Ukiondoa breki, ukaweka kwenye sahani ya moto au ukapulizia hewa, nukta za nje hushikana kwanza na kuwa ngozi ngumu ilhali ndani bado ni majimaji. Majimaji yakitoka, ngozi inabonyea. Unapata zabibu kavu. Na kwenye zabibu mwanga hauzunguki.

Tolueni hufanya kazi pia na ni ya taratibu zaidi, kwa kuwa maji huibeba nusu gramu tu kwa lita. Tofauti utakayoiona ni kwamba matone ya klorofomu huzama na ya tolueni huelea. Kwa tolueni basi angalia ukorogaji usiache utando juu.

Asubuhi, ile chai ya maziwa inakuwa imekata. Ukisimamisha sumaku, maji yanabaki karibu angavu na chini panatulia unga wa rangi ya chungwa lililoiva. Umulike kwa tochi ya mwanga wa zambarau: uwake mwekundu. Unga huo kiduchu una mamilioni ya gololi, na kila moja ina nukta zaidi ya milioni mia.

5. Suuza. Sentrifuji kwa kasi ndogo, mizunguko 2,000 kwa dakika, dakika tatu. Ondoa maji ya juu, weka mapya, rudia mara tatu. PVA ikibaki, itakauka kama gundi juu ya kioo na kuzifunika gololi zako blanketi. Usitumie ethanoli wala asetoni kusuuzia ukidhani unasafisha zaidi. Zinang'oa ligandi, ile minyororo iliyoizunguka nukta kama manyoya, na mng'ao unaondoka nazo.

6. Chagua ukubwa. Huhitaji kifaa. Tikisa kichupa kwa mkono, kisimamishe, hesabu dakika. Gololi ya mikromita 6 hushuka sentimita moja kwa dakika nne hivi, ya mikromita 2 hutumia zaidi ya nusu saa. Subiri dakika kumi, vuta maji ya juu na pipeti uyaweke kando. Kilichobaki chini ndicho unachokitaka: kati ya mikromita 4 na 12. Zilizo ndogo zaidi zina kona kali mno, mwanga unachomoka. Zilizo kubwa zaidi zinawaka, lakini vilele vya mwanga wake kwenye spektra vinabanana hata usijue kipi ni kipi.

7. Weka kwenye kioo. Punguza mkolezo hadi maji yaonekane karibu hayana rangi, dondosha mikrolita 5 kwenye kioo safi, acha yakauke. Kwenye hadubini tafuta gololi iliyokaa peke yake, yenye ukingo mkali na duara kamili, isiyo na jirani ndani ya mikromita 20. Piga picha, pima upana, andika. Usiruke kupima; utaihitaji namba hiyo.

8. Washa. Elekeza mipigo ya nanomita 355 kupitia lenzi hadi doa lifike mikromita 50 juu ya gololi. Pima nishati *baada* ya lenzi, pale sampuli inapokaa, maana vioo vya njiani vinakula sehemu. Kwa doa hilo, nanojuli 20 ni sawa na milijuli 1 kwa sentimita ya mraba. Anza na sehemu ya kumi ya hapo, panda kidogokidogo, na kila unapopanda hifadhi spektra. Kwa mipigo ya nanosekunde, kizingiti, yaani nguvu ambayo leza huanzia kuwaka, hutarajiwa kwenye milijuli chache hadi makumi kwa sentimita ya mraba. Anayeanza juu ili "aone haraka" huunguza gololi yake nzuri kwa mpigo wa kwanza na haambulii hata spektra moja.

9. Hakikisha ni leza. Hapa ndipo pa kujihoji mwenyewe bila huruma. Mwanzoni utaona mlima mpana wa mng'ao, nanomita 30 hivi kwa upana. Gololi ikiwa nzuri, juu ya mlima huo kutakuwa na vijinundu. Vijinundu vinamaanisha mwanga unazunguka vizuri, leza bado. Unapanda, unapanda, kisha ghafla kijinundu kimoja kinachomoza kama mnara, chembamba, na kila nishati unayoongeza inakwenda kwake. Kubali kwamba ni leza ikiwa haya yote yametimia:

- Mchoro wa nishati iingiayo dhidi ya mwanga utokao una kona: mteremko mmoja kabla ya kizingiti, mwingine mkali baada yake.
- Mstari umekuwa mwembamba ghafla, si taratibu.
- Ukishusha nguvu mstari unazimika, ukipandisha unarudi pale pale. Usiporudi, uliona kitu kikiungua.
- Umbali kati ya vilele unalingana na upana uliopima. Zidisha urefu wa wimbi kwa wenyewe, gawanya kwa 3.14 mara 1.7 mara upana wa gololi. Kwa mikromita 6 utapata nanomita 12 hivi, kwa mikromita 10 ni 7 na nusu. Usitishike ukiona familia mbili za vilele zimepishana. Mwanga una namna mbili za kulala ndani ya gololi. Pima umbali ndani ya familia moja.

Vipimo hivi vyote navisisitiza kwa sababu niliwahi kuumbuka. Mwaka wangu wa kwanza nilipata mstari mmoja, mwembamba, wa kupendeza, nikatuma picha hadi nyumbani Tanga, mama akanijibu kwa dua. Kesho yake mwenzangu akatazama skrini, akauliza kwa upole: nukta zako ni nyekundu, huu mstari uko nanomita 532, kwenye kijani, unafanya nini? Ulikuwa ni ule mwanga wa kijani wa leza ya kuwashia, uliosalia kabla ya kugeuzwa kuwa 355. Nilikuwa nimesahau kichujio. Mama sijamwambia mpaka leo.

Mambo yakikataa

*Mchanganyiko unatengana dakika chache baada ya kutikisa.* PVA ni kidogo au haikuyeyuka vizuri. Rudi hatua ya 1.

*Gololi zina mikunjo.* Ulikausha haraka. Ongeza foili, punguza matundu, ondoa joto. Ikiendelea, ligandi huru zimezidi kwenye chupa ya nukta: zisafishe mara moja kabla ya kutumia.

*Gololi ni duara safi lakini haziwaki hata ukipanda.* Mulika ile chupa ya asili kwa tochi. Ikiwa nayo imefifia, nukta zimezeeka kwa hewa na mwanga. Ikiwa inang'aa, basi ulisuuza kupita kiasi, au doa la leza halijaangukia gololi yako. Jambo hili la mwisho ndilo la kawaida kuliko yote na hakuna anayependa kulikubali.

*Mlima unabanana taratibu lakini minara haionekani.* Umemulika rundo. Mwanga unakuzwa ndani ya rundo bila kuzunguka popote. Punguza mkolezo, tafuta iliyo peke yake.

*Kuna mstari kwenye 710 usiosogea hata ukibadili gololi.* Ni 355 ikijirudia kwenye spektromita, mara mbili yake kamili. Kichujio hakijakaa.

*Kilele kimekatwa juu kama meza.* Spektromita imeshiba. Punguza muda wa kupokea mwanga na uanze vipimo upya; huo mchoro wa kona ulioupata ni batili.

*Kizingiti kinapanda kila baada ya dakika chache.* Nukta zinachoka. Funga njia ya mwanga kila usipopima. Ukitaka gololi idumu, ifunike kwa tabaka jembamba la polima isiyopitisha hewa, ila ujue kizingiti chenyewe kitapanda kidogo, kwa kuwa tofauti kati ya gololi na kinachoizunguka imepungua.

*Sina leza ya mipigo.* Gololi tengeneza tu, zikaushe, zihifadhi majini kwenye chupa ya kahawia, jokofuni, pasipogandisha. Zitasubiri mpaka upate siku kwenye leza ya maabara nyingine. Nenda na gololi ishirini zilizopimwa na kupigwa picha, kwa sababu siku moja ya kuazima haitoshi kutafuta duara kwenye hadubini.